Koki ya Hewa Kwenye Shamba la Jjajja

Siku ya kwanza nilipoingia yadi ya mafundi wa maji wa jiji, watu walinyamaza. Walikuwa wamekaa juu ya mapaipu wanakunywa chai, mmoja anasimulia kitu cha kuchekesha, mimi nikatoa salamu, na kicheko kikakatika hapo hapo. Mmoja akaangalia viatu vyangu. Mwingine akamwaga chai iliyobaki, akasimama kama mtu mwenye kazi ya haraka. Hakuna aliyekuwa na kazi ya haraka. Gari lenyewe lilikuwa limekufa.

Foremani wetu tulimwita Ssalongo, maana alikuwa na mapacha, na Muganda akizaa mapacha jina lake la zamani linasahaulika. Mtu mfupi, sauti ya chini, mikono imejaa makovu ya kuungua. Akaniuliza kwa Kiganda mimi mtoto wa nani. Nikamjibu kwa Kiganda. Akaniuliza tena kwa Kiswahili, kama vile Kiganda ndani ya mdomo wangu hakihesabiki. Nikamwambia babu alikuja na jeshi la Mwingereza, baba anaendesha lori, sisi ni Wanubi.

"Kale," akasema, yaani sawa. "Nimesikia."

Hakusema karibu.

Nyinyi vijana wa leo mnasoma kwamba serikali ilikuwa ya wanajeshi, mnafikiri mnaelewa. Hamuelewi. Wenye bunduki wengi walikuwa wanaongea Kiswahili, na wengine Kinubi, kwa hiyo mimi ambaye sijashika hata manati nikaonekana sikio la serikali. Wakanipa jina Redio. Kwanza kwa sababu naongea sana, hiyo sikatai. Pili kwa sababu redio ni ya serikali. Nilipigana na watu wawili kwa ajili ya jina hilo, nikamshinda mmoja, jina likabaki.

Kazi nilikuwa naijua kidogo, na hakuna mtu aliyenifundisha. Kule kwetu Kisugu nilikuwa nafungua koki za jirani zilizoharibika, naangalia kilichomo ndani, narudisha. Zingine zilikataa kurudi, nikatukanwa. Hiyo ndiyo shule yangu. Lakini wakati ule mafundi wengi Wahindi walikuwa wamefukuzwa, yadi ilitaka mikono, hawakuuliza cheti. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata nyuzi kwenye ncha ya paipu, kama zile za skrubu: unaibana paipu, unaizungushia chombo chenye meno, unatia mafuta, mpaka inapata njia ya kuingia kwenye soketi. Halafu unaviringisha katani juu ya nyuzi, unapaka rangi, unakaza. Ukiweka katani kidogo inavuja. Ukiweka nyingi soketi inapasuka, na Ssalongo anakuangalia tu, hasemi kitu. Heri angetukana.

Wakubwa wetu walikuwa wanabadilika kama hali ya hewa. Injinia wa Maji niliyemkuta alikwenda mkutano Nairobi akasahau kurudi. Aliyemfuata alikuwa kijana mwenye diploma, si mtu mbaya, lakini kila karatasi ukimpelekea anauliza kwanza nani mwingine ameshasaini. Stoo nayo ilikuwa imebaki yatima. Mhindi aliyekuwa anaijua aliondoka na wenzake, akaja Storkipa mpya ambaye alijua kufuli na funguo, basi. Kulikuwa na mashelfu ya vyuma ambavyo hakuna mtu aliyejua majina yake.

Sasa niwaeleze habari ya mpaka, maana ndiyo habari yenyewe. Ndani ya mpaka wa jiji, maji ni haki yako: unaomba, unafungiwa mita, unalipa. Nje ya mpaka ni hisani. Mwenye nyumba anaomba, Injinia anaangalia kama paipu kubwa iko karibu, wenye mashamba njiani wanakubali mtaro upite, mwombaji ananunua mapaipu yote mwenyewe, na yakishafukiwa yanakuwa mali ya jiji. Halafu kuna sharti la mwisho, ambalo wengi hawalijui: laini ya mtu wa nje ni ya mtu huyo peke yake. Ikipita kwenye mashamba ya watu kumi, wale kumi wanaangalia udongo umefukiwa, kisha wanarudi kwenye kisima chao. Hakuna kuunganisha njiani.

Meja mmoja, jina lake silitaji, watoto wake bado wako na sijui wanafikiri nini, alijenga nyumba nje ya mpaka, ng'ambo ya kilima. Ombi lake lilipita kwa Injinia mara moja. Safari hiyo hakuuliza nani amesaini.

Tukaenda kuchimba. Laini ilitakiwa kutoka kwenye paipu kubwa ya jiji, ipande kilima, ipite juu kabisa, ishuke bondeni, halafu ipande kidogo mpaka kwa Meja. Pale juu kabisa palikuwa shamba la migomba la mama mzee tuliyemwita Jjajja, yaani bibi, kama kila mtu alivyomwita. Ssalongo alikwenda kwake, akapiga magoti, ndiyo, mtu mzima na ovaroli lake, akasalimia salamu ndefu zote za Kiganda, akauliza habari za nyumba, za mifugo, za migomba, ndipo akaomba njia. Jjajja akakubali. Tukakata migomba yake kumi hivi. Yeye mwenyewe alikuwa anachota maji kule chini bondeni, ng'ombe wakinywea hapo hapo.

Siku tuliyofika kwenye nyumba yake, alikuja akasimama ukingoni mwa mtaro. Akamwambia Ssalongo, "Kwa hiyo maji yatapita mlangoni kwangu bila kunisalimia?"

Ssalongo alisugua mikono yake. Nilimwona tu anaangalia ule mgongo wa kilima, anaangalia bondeni, anaangalia tena mgongo.

Hapa lazima mjue kitu kimoja. Paipu ikipita juu ya kilima, hewa inakusanyika pale juu. Hasa wakati ule: umeme unakatika, pampu za ziwani zinasimama, paipu inakuwa tupu. Maji yakirudi yanasukuma hewa mbele, hewa inakimbilia mahali pa juu na kukaa hapo kama mtu aliyelala mlangoni. Maji hayapiti. Kwa hiyo pale juu unafunga vali ya hewa. Ni kachuma kadogo, ndani kana kampira. Hewa ikija kampira kanaanguka, hewa inatoka. Maji yakija kampira kanapanda, kanaziba. Kanafanya kazi kenyewe, hakataki mtu.

Ssalongo alimwambia Injinia stoo haina vali ya hewa, kwa hiyo ataweka koki ya kawaida pale juu, na mtu atakuwa anaifungua kutoa hewa. Injinia akasaini. Koki ikakaa kwenye shamba la Jjajja, na mtu wa kuifungua, bila shaka, akawa Jjajja, na majirani zake, na madebe yao. Asubuhi wanakuja, wanafungua, inapiga kelele fuuu, inatema mate, halafu maji yanakuja. Wanajaza, wanafunga, wanaondoka. Hewa imeshatoka. Kwa Meja maji yanatiririka mpaka kwenye bafu.

Siku chache baadaye nilitumwa stoo kuchukua katani. Storkipa alikuwa nje, nikaingia mwenyewe mpaka shelfu la nyuma. Nikakuta kitu kimefungwa karatasi ya grisi. Mimi kitu kikifungwa lazima nikifungue, ndiyo elimu yangu. Nikaitoa karatasi, nikakitikisa, kampira kakagonga ndani. Nikapuliza, pumzi ikapita. Nikakigeuza chini juu, pumzi ikagoma: vali ya hewa. Na juu ya karatasi kulikuwa na alama ya mkono wenye rangi nyekundu, rangi yetu ya kupaka nyuzi. Mtu wa laini alishaishika hiyo kabla yangu. Storkipa hakuwa anagusa rangi.

Niliirudisha nikatoka, kichwa kinachemka. Ssalongo alijua iko. Alidanganya. Kwa nini? Nilifikiri labda anataka kuiuza. Nilifikiri labda anamtegea Meja mtego na sisi sote tutakufa naye. Nilimshuku wiki nzima. Nilikuwa naangalia anakula na nani, anaongea na nani. Kumbe na yeye ananiangalia mimi. Tulikuwa tunachimba mtaro mmoja, kila mmoja anatazama jembe la mwenzake.

Siku moja tukapita kule kilimani kuangalia uvujaji. Mtoto wa jirani ya Jjajja alikuwa anaoga chini ya ile koki, povu mpaka masikioni, mama yake anamfokea asimalize maji. Nikamwangalia Ssalongo. Alikuwa anaangalia mbali, uso umekazwa, kama mwizi anayepita mbele ya duka aliloliibia. Hapo nikaelewa kila kitu: ule uongo wa stoo ulikuwa wa kumpa Jjajja maji. Na mimi nikaangalia mbali.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wake. Hakujua.

Kisha askari wa nyumbani kwa Meja wakaona wanawake na madebe. Wakampelekea habari: afande, raia wanaiba maji yako. Meja akaamuru mkono wa koki ung'olewe, askari akae pale. Wanawake wakarudi bondeni. Umeme ukakatika, ukarudi, hewa ikapanda pale juu ikalala. Kwa Meja, koki zote kavu.

Alikuja yadi mwenyewe, asubuhi, tumekaa tunakunywa chai. Safari hiyo tulinyamaza sote pamoja.

"Nani nafunga maji yangu?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambini.

Injinia akatoka ofisini, akaanza kueleza kwamba yeye alisaini tu ushauri wa foremani. Alisema hivyo kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili asibaki mtu ambaye hajaelewa. Mpaka leo nikimkumbuka, mikono inawasha. Meja akamwonyesha Ssalongo kidole, askari wawili wakamweka nyuma ya Landrova. Hakugoma. Alivua kofia yake ya kazi, akampa mwenzetu mmoja ampelekee mke wake.

Watu waliokuwa wanawekwa nyuma ya magari namna ile, wengi hawakurudi. Kila mtu pale yadini alijua. Kila mtu akaangalia chai yake.

Mimi nikapanda. Hakuna aliyeniita. Askari mmoja akanisukuma, nikamwambia kwa Kinubi asinisukume, mimi ndiye niliyefunga ile laini, wanaenda kuangalia nini bila mimi. Akanipisha. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona, "Si nilikuambia? Anaenda na watu wake." Ningekuwa na nafasi ningeshuka nimpige.

Njiani sikumwangalia Ssalongo, na yeye hakuniangalia.

Kilimani, Ssalongo akaeleza. Alieleza vizuri, polepole, hewa inapanda, maji yanazuiwa. Meja alikuwa anamsikiliza na kichwa kimeinama upande.

"Hewa," akasema. "Hewa nazuia maji. Wewe naona mimi mtoto?"

Ndipo dereva wake akafungua mdomo. Alikuwa amewahi kufanya kazi ya mabomba kambini, na alitaka kusaidia, au alitaka kuonekana, sijui. Akasema ni kweli afande, hewa inazuia, lakini kule kambini kuna chuma kinatoa hewa chenyewe, hakuna haja ya koki wala ya raia.

Meja akamgeukia Ssalongo. Akamuuliza kwa nini hakuweka chuma hicho.

"Stoo haina, afande."

Nikaona jasho linashuka sikioni mwake. Meja naye akaliona. Akaacha Kiswahili, akanigeukia mimi na Kinubi cha nyumbani, kile cha mama na shangazi, sauti laini kabisa. Akasema mimi ni mtoto wao, hatanificha kitu na mimi nisimfiche. Huyu mzee ni Muganda, Waganda wana mambo yao. Stoo iko na hicho chuma au haiko?

Nifikirieni. Nikisema kiko, Ssalongo amekwisha. Nikisema hakiko na wakaenda kukagua, tumekwisha wawili. Na Ssalongo hasikii Kinubi. Amesimama pale anaangalia mdomo wangu, anaona mtoto wa Kinubi na afande wake wanaongea kama ndugu.

"Hakiko," nikasema. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili na yeye asikie. "Hakiko, afande. Waliojua kuagiza hivyo vitu wamekwenda, na tangu waende hakuna aliyeleta. Mimi naingia stoo kila siku. Unataka chuma, andika kwa wakubwa wako huko juu. Lakini maji unayataka leo. Rudisha mkono wa koki nikuonyeshe. Na ondoa askari. Hao wanawake unaowafukuza ndio wanaokuletea maji. Kila wakifungua wanakutolea hewa. Ulifukuza vali yako mwenyewe, afande, halafu unatafuta mwizi."

Dereva alifumba macho.

Meja akanyoosha mkono kwa askari, askari akatoa mkono wa koki mfukoni. Nikaufunga, nikafungua. Ile hewa ilitoka muda mrefu, inapiga mluzi, kuku wa Jjajja wakakimbia. Halafu ikakohoa, ikatema maji mekundu ya kutu, halafu meupe. Nikafunga. Tukasubiri pale wote, mpaka askari mwingine akatokea kule ng'ambo kwenye nyumba, akapunga mikono yote miwili.

Meja akaangalia koki, akaangalia Ssalongo, akaniangalia mimi. Akamwambia askari wake, "Kuanzia leo wanawake nachota. Kila siku. Hii ni amri."

Basi ikawa amri. Askari akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia waje kuchota, na hakuna aliyekuja. Maji ya kulazimishwa na mtu mwenye bunduki, nani atakunywa? Walisema yametiwa dawa. Siku mbili askari amekaa na koki yake, anabembeleza. Mwishowe Jjajja akatoka na kibuyu, akamwambia askari anywe kwanza yeye. Askari akanywa. Jjajja akamkalisha chini, akamtazama muda mrefu, halafu ndipo akajaza debe lake.

Lakini ile vali ilikuwa bado stoo, na Meja si mtu wa kusahau. Kesho yake, baada ya ile siku ya kilimani, niliitoa stoo imefichwa ndani ya ndoo ya katani chafu, nikaipeleka Katwe kwa mafundi wa kuyeyusha. Hawakuniuliza na sikuwaeleza. Nilisimama pale mpaka ikawa uji. Wiki hiyo hiyo dereva wa Meja alikuja na askari, wakapekua mashelfu yote, wakaondoka na vumbi.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe Ssalongo alikuwa ameshaingia stoo kabla yao, akakuta shelfu tupu. Hakula siku hiyo. Mtu amechukua ushahidi, na mtu mwenyewe anamjua: Mnubi aliyepanda gari bila kuitwa. Aliona nimemwokoa ili nimweke kwenye kiganja changu. Akaanza kuniita "bwana". Foremani wangu, bwana! Akiongea na mwenzake, nikisogea anaanza kusifu mvua. Nilivumilia mpaka siku moja mtaroni, tuko wawili, akaniambia, "Bwana, ukitaka kitu kwangu, sema tu."

Nikatupa spana. Nikamwambia, "Nataka uache kuniita bwana. Hiyo vali niliiona kabla Meja hajafika yadi, na nikanyamaza. Nimeiyeyusha Katwe kwa macho yangu. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua. Sasa nishuku vizuri."

Aliketi juu ya paipu. Hakusema asante, na mimi sikuwa naitaka.

Serikali ile ilipoanguka mimi nilikimbia kama Wanubi wengi, maana safari hiyo sisi ndio tuliokuwa tunawekwa nyuma ya magari. Nikarudi baada ya miaka, nikaomba kazi ile ile, nikapanda mpaka foremani, nikastaafu. Siku ya kuniaga, vijana wa laini waliniuliza niliwahi kupata cheti gani. Sina. Wakaniuliza basi nilikuwa fundi tangu lini. Nikawaambia tangu siku ile mtaroni, kwa sababu habari haikuishia pale kwenye kuketi.

Siku hiyo tulikuwa tunaunga paipu kubwa ya chuma, ambayo haitaki nyuzi, inataka risasi ya moto, si ya bunduki, ile ya kuyeyusha. Unasokomeza kamba ya katani ndani ya kiungo, unazungushia mdomo wake kamba nyingine yenye udongo, unaacha tundu juu, unamwaga risasi iliyoyeyuka. Mmoja anamwaga, mwingine anashika ile kamba ya udongo kwa mikono yake, uso karibu na paipu. Kama mmwagaji hakukausha kiungo vizuri, hata tone moja la maji limebaki, risasi inaruka, na inamrukia anayeshika. Miaka yote hiyo Ssalongo alimwaga mwenyewe. Hakuwahi kumwachia mtu, na mimi alikuwa haniruhusu hata kuusogelea moto.

Ssalongo aliinuka kutoka juu ya ile paipu, akachukua kijiko kikubwa cha risasi, akanipa mimi. Akapiga magoti upande wa pili, akashika kamba kwa mikono yake yenye makovu, akafumba macho.

Nilikikausha kile kiungo mara tatu. Halafu nikamwaga.